Anayetia Sahihi Barua ya Uhamisho Ndiye wa Kulipa Nauli

Katika utumishi wa umma hakuna karatasi fupi yenye uzito mkubwa kama barua ya uhamisho. Kwa kawaida huwa na mistari michache tu: jina la mtumishi, namba yake ya kazi, kituo anachotoka, kituo anachokwenda na tarehe ya kuripoti. Haina jina la mkewe wala la mumewe. Haina majina ya watoto, wala haisemi kwamba mmoja wao yumo katika darasa la mtihani. Haitaji kitanda, kabati, wala kuku watano wafugwao nyuma ya nyumba. Hata hivyo, watu hao na vitu hivyo vyote vimehamishwa na barua iyo hiyo. Swali ninalokusudia kuliuliza leo ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: ni nani alipaye nauli ya hao wasiotajwa?

Sisi wakazi wa pwani ya kusini tuna kila sababu ya kuuliza. Kaskazini ya Kwale, mtu akifika Likoni, amekaribia Mtongwe, makao ya Jeshi la Wanamaji la Kenya lililoundwa mwezi Desemba mwaka 1964. Kusini kabisa iko Lunga Lunga, mlango wa kuingilia Tanzania, wanapofanya kazi maafisa wa forodha, wa uhamiaji na polisi. Baina ya ncha hizo mbili, kuanzia Waa, Tiwi, Ukunda na Diani hadi Msambweni na Shimoni, na kule juu Kwale mjini na Kinango, zimetanda shule ambazo kwa miaka mingi zimetegemea walimu waliozaliwa mbali na hapa. Lori lililosheheni magodoro na viti, likisubiri zamu yake kwenye kivuko cha Likoni, si jambo geni machoni petu. Tunaliona likija, tunaliona likienda. Ni nadra kuuliza nani kalikodi.

Nianze na mwanajeshi, kwa kuwa yeye ndiye mfano ulio wazi kupita wote. Mwanajeshi akiamriwa kuondoka Mtongwe aende Manda, au atoke Mariakani aende Isiolo, hana hiari. Hawezi kuomba apewe muhula mmoja ili mtoto amalize mtihani. Hawezi kugoma, wala hana chama cha wafanyakazi kitakachomsemea. Amri ni amri, na jeshi lisilotii amri si jeshi bali ni genge. Hayo tunayakubali sote. Lakini kutokana na ukweli huo huo huzuka wajibu wa upande wa pili. Kadiri mtu anavyonyimwa hiari ya kukataa safari, ndivyo anavyozidi kustahiki kulipiwa safari hiyo. Asiye na uwezo wa kusema "siendi" hawezi tena kuambiwa "jigharamie".

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Liko jambo la kupelekwa kwenye operesheni, na liko jambo la kuhamishwa kituo. Majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011, na yalipopelekwa mashariki ya Kongo mwezi Novemba 2022, hakuna aliyetarajia wake na watoto wafuatane na vikosi. Wajibu wa Serikali hapo ni mwingine: mshahara ufike nyumbani, matibabu yawepo, na habari za kweli zitolewe kwa wakati. Uhamisho wa kituo ni tofauti kabisa. Mtu anapelekwa mahali pa kuishi mwaka, miwili au zaidi, na katika hali hiyo familia ina mambo mawili tu ya kuchagua: kufuatana naye au kugawanyika. Nauli isipolipwa, Serikali huwa imekwisha kuwachagulia kugawanyika, bila ya kutamka neno.

Na tusidhani kwamba nauli ni ya gari moshi peke yake. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ya reli mpya kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa ikawa shilingi 1,500, ilhali reli hiyo ilipofunguliwa mwaka 2017 ilikuwa shilingi 700. Baba, mama na watoto watatu waliokwisha kuwa wakubwa watatoa shilingi 7,500. Fedha hizo zaweza kupatikana kwa kujinyima. Lakini gari moshi halichukui kabati, na huishia Miritini, si Msambweni. Pana lori la kukodi, pana wapakiaji na wapakuaji, pana kodi ya nyumba mpya pamoja na amana ya mwenye nyumba, pana sare mpya za shule na karo ya muhula uliokwisha kulipwa kule kulikoachwa. Zaidi ya yote hayo, kuna hasara isiyoonekana kwenye risiti yoyote: mke aliyekuwa na kibanda chake cha kuuza mahamri na viazi vya karai pale Ukunda, mwenye wateja waliomzoea, sasa hana kibanda wala wateja. Mtumishi ahamishwaye kutoka Lunga Lunga hadi Moyale anavuka zaidi ya kilomita 1,000. Barua yake ni ileile ya mistari michache.

Historia inatufunza kwamba jambo hili si la jana. Katika vita vya Uingereza dhidi ya Napoleon, mwanzoni mwa karne ya 19, wake wachache tu, wanne hadi sita kwa kila askari mia, ndio walioruhusiwa kusafiri na kikosi kwa gharama ya jeshi. Waliobaki waliamuliwa kwa kura. Wanawake walitumbukiza mikono kofiani usiku wa kuamkia safari, kila mmoja akatoa kipande cha karatasi kilichomwambia kwamba anakwenda au haendi. Asiyebahatika alibaki bandarini na watoto wake, bila ya posho na pengine mamia ya maili kutoka kwao. Ilichukua miaka mingi taifa hilo kutambua aibu hiyo. Hata mwaka 1885 ilipoundwa jumuiya ya kusaidia familia za askari na wanamaji, ilikuwa ni kazi ya wahisani kuziba pengo lililoachwa na dola.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa namna nyingine, lakini mzigo ulimwangukia yule yule. Katika Vita Kuu vya Kwanza, askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki walipigana huku wake na watoto wao wakifuatana na misafara. Wanawake hao walipika, walibeba mizigo, waliuguza majeruhi na kuzaa njiani. Upande wa Waingereza, jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902 liliruhusu askari kukaa na wake zao kambini, kwa kuwa maafisa waliona kwamba askari mwenye nyumba hutulia na chakula chake hupikwa. Jeshi, kwa maneno mengine, lilijua vizuri thamani ya familia. Lilichokosa ni kuiandika thamani hiyo katika hesabu zake. Kazi ya wake ilipokewa kama maji ya mvua, ambayo hayana bei.

Na wako waliopoteza zaidi. Wapagazi wa vita vile, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walichukuliwa vijijini wakatembezwa hadi mahali ambapo wengi hawakurudi. Hesabu rasmi huwataja waliokufa kuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huiona idadi hiyo kuwa ni ndogo mno. Vita hivyo vilifika hapa hapa kwetu: Oktoba 1914 palipiganwa Gazi, na Januari 1915 palipiganwa Jasin, ng'ambo kidogo tu ya Vanga. Baada ya vita, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuzifikia familia zao. Wazee walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Dola za kikoloni ziliusikia msemo huo, zikaufanya kuwa sera: mzigo mzito mpe yule asiyeweza kukudai.

Je, Kenya huru inaweza kuendelea na sera hiyo? Katiba ya mwaka 2010 inasema haiwezi. Kifungu cha 45 kinatamka kwamba familia ndiyo kiini asilia cha jamii na msingi wa lazima wa utaratibu wa jamii, na kwamba inastahiki kutambuliwa na kulindwa na Serikali. Huenda mtu akajibu kwamba askari si raia kama wengine. Ni kweli kwamba Katiba imeruhusu baadhi ya haki zao zipunguzwe kwa sheria. Lakini someni vizuri, enyi walimu na wanafunzi. Kifungu cha 24, ibara ya 5, kinazitaja kwa majina haki ambazo sheria yaweza kuzipunguza kwa wanajeshi na polisi: faragha, uhuru wa kujumuika, uhuru wa kukutana na kuandamana, haki za wafanyakazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za waliokamatwa. Orodha imekwisha hapo. Kifungu cha 45 hakimo. Waliotunga Katiba walimnyima mwanajeshi haki ya kugoma, lakini hawakuiweka familia yake katika orodha hiyo.

Isitoshe, mke wa mwanajeshi hakuapa. Mwanawe hakutia sahihi mkataba wowote. Hao ni raia kamili, na kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yawe jambo la kwanza katika kila uamuzi unaomhusu. Uhamisho wa mzazi, unaomng'oa mtoto darasani katikati ya muhula, ni uamuzi unaomhusu mtoto huyo. Anayeamua hawezi kujitetea kwamba mtoto hakutajwa katika barua. Kutotajwa kwake ndiko kosa lenyewe.

Sasa nigeukie walimu, maana kisa chao kimefanya somo hili kuwa wazi kwa taifa zima. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianza kwa nguvu sera ya kuwahamisha walimu kutoka maeneo ya kwao, kwanza wakuu wa shule na kisha wengine. Shabaha iliyotajwa ilikuwa njema: kujenga umoja wa taifa na kuvunja ukiritimba wa wenyeji katika uongozi wa shule. Mimi si adui wa shabaha hiyo. Watoto wa Msambweni wanafaidika wakifundishwa na mwalimu wa Bungoma, na wa Bungoma wakifundishwa na mwalimu wa Msambweni. Lakini sera iliyohamisha maelfu ya watu wazima ilizigusa nyumba zao. Walimu waume na wake walitenganishwa, wenye maradhi waliachana na matabibu waliowazoea, na gharama za nyumba mbili zikalipwa kwa mshahara mmoja. Malalamiko ya vyama vya KNUT na KUPPET yalidumu miaka, na kati ya mwisho wa mwaka 2022 na mwanzo wa 2023, baada ya shinikizo la wabunge, Tume ikaanza kuwarudisha walimu makwao.

Kwa maoni yangu, funzo kubwa la kisa hicho halijasemwa vya kutosha. Watu wengi wamelichukua kuwa ni ushindi wa walimu dhidi ya Tume. Mimi naliona kuwa ni funzo la hesabu. Laiti mwajiri angelazimika, kabla ya kuandika barua ya kwanza, kutenga fedha za kumhamisha kila mwalimu pamoja na watu wake na vyombo vyake, basi angelijua siku ile ile bei kamili ya sera yake. Angeliuliza: ni uhamisho upi ulio wa lazima, na upi ni wa kujaza fomu tu? Angehamisha wachache, kwa sababu nzuri, na kwa wakati wa likizo. Badala yake gharama ilitolewa kwenye mifuko ya watu binafsi, na kwa kuwa haikuonekana katika makadirio ya Tume, ilidhaniwa haipo. Miaka minne baadaye ikabidi watu warudishwe, na safari ikawa ni ya pili. Amri isiyomgharimu mtoaji hutolewa kirahisi.

Ndiyo maana nasema kwamba kulipa nauli ya familia si sadaka kwa mtumishi. Ni breki ya mwenye mamlaka.

Zipo safari nyingine ambazo hazikuwa na hiari hata kidogo. Mwezi Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi karibu na Mandera wakawaua abiria 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakielekea likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na Tume ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hilo. Hapa kwetu, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari polisi sita wakauawa, na fujo zikaenea hadi Kwale. Maelfu ya watu waliotoka bara walikimbia, na hifadhi ikawa ni makanisa. Katika hali kama hizo mtumishi huokoa roho yake kwanza, na nyuma yake akaacha kila alichokichuma. Mtu aliyepelekwa na Serikali mahali pa hatari, na akaondolewa kwa ajili ya hatari hiyo, anadai nini zaidi ya kurudishiwa njia yake?

Nazijua hoja za wanaopinga, na si haki kuzipita kimya. Ya kwanza ni kwamba posho ya uhamisho tayari ipo. Ni kweli: kanuni za utumishi wa umma zinaitambua posho hiyo kwa anayehamishwa na mwajiri wake. Lakini posho yoyote na ipimwe kwa vipimo vitatu. Je, hufika kabla ya safari, au mtumishi hukopa kwanza kisha akafuatilia malipo miezi kadhaa? Je, huangalia umbali na idadi ya watu, au aendaye kilomita 30 na aendaye kilomita 1,000 hupewa sawasawa? Je, hutolewa kwa askari wa cheo cha chini kwa wepesi ule ule itolewavyo kwa mkubwa wake? Posho inayoshindwa katika vipimo hivyo ni jina tu, na jina halipakii kabati kwenye lori.

Hoja ya pili ni kwamba mtumishi alijua alipoajiriwa. Naam, alijua kwamba aweza kuhamishwa. Hakuambiwa kwamba atakuwa akiikopesha Serikali gharama za uhamisho huo. Baharia anajua kwamba chombo kitakwenda Lamu au Kismayu, lakini hakuna nahodha amtozaye baharia bei ya tanga.

Hoja ya tatu ni ya udanganyifu: watu wataleta familia za kubuni na risiti za uongo. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni ukaguzi. Kama tungefuta kila malipo yanayoweza kughushiwa, hata mishahara ingefutwa, maana watumishi hewa tumewasikia miaka nenda miaka rudi. Yafaa mwajiri amlipe mwenye lori moja kwa moja, na tiketi zikatwe kwa majina yaliyomo katika kumbukumbu za mtumishi. Hapo mwanya wa hila utapungua, na mtumishi hatapoteza usiku kucha akitafuta mkopo.

Hoja ya nne ni nzito zaidi, nayo ni ya maana hasa kwetu: familia ni nani? Kanuni nyingi za kikazi zilirithiwa kwa watu ambao nyumba yao ni mume, mke mmoja na watoto wachache. Kwale haiko hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na za kimila zenye zaidi ya mke mmoja. Miongoni mwa Wadigo, ambao tangu jadi walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana wajibu kwa wapwa zake, na si ajabu kumkuta mpwa akilelewa kwake kama mwana. Mwanajeshi wa kutoka Tiwi akiambiwa amlipie nauli "mtoto wake halali" tu, yule mpwa aliyelala chumba kimoja na binamu zake tangu utotoni atabakia barazani. Rai yangu ni kwamba kipimo kiwe ni nyumba. Yeyote anayeishi na mtumishi na kumtegemea kwa chakula na shule, akawa amesajiliwa kabla ya barua kuandikwa, huyo ni wa kusafirishwa. Usajili wa mapema ndio utakaozuia hila, wala si kuubana ukoo wa watu ufanane na fomu.

Sisemi kwamba kila safari ilipwe na umma. Mtumishi aombaye mwenyewe kuhamishwa kwa sababu anataka kuwa karibu na shamba lake, huyo ajigharamie, kwa kuwa hiari ni yake. Lakini ombi litokanalo na maradhi, au na kutaka kuungana na mume au mke ambaye mwajiri mwenyewe alimtenga, si hiari ya kweli. Hilo ni jeraha lililofanywa na amri ya awali.

Mataifa mengine yamekwenda mbele zaidi yetu, na si vibaya kuchungulia. Marekani hugharimia safari ya familia ya mwanajeshi na usafirishaji wa vyombo vyao anapohamishwa kituo rasmi. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2017 iliongeza jambo linalowahusu walimu moja kwa moja. Iliruhusu mke au mume wa mwanajeshi kurudishiwa hadi dola 500 za gharama ya kupata leseni mpya ya kazi katika jimbo alikohamia, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi dola 1,000. Kwa nini? Kwa sababu kule mwalimu, au muuguzi, mara nyingi hakuweza kuvuka mpaka wa jimbo akafanya kazi bila ya leseni ya huko. Wametambua kwamba mke naye ana kazi, na kwamba amri ya jeshi imeivunja. Hatuna utajiri wa Marekani, na sidai viwango vyao. Nadai mantiki yao.

Ipo safari moja ambayo kanuni zisiisahau kamwe. Ni safari ya kurudi. Wahenga wa mwambao walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtumishi atastaafu siku moja, au atafariki akiwa kazini. Nyumba ya kambini ni ya kazi, si ya mjane. Kazi ikimalizika na nyumba nayo imemalizika, na mjane hujikuta na wiki chache za kufungasha maisha ya miaka ishirini. Gharama ya mazishi huwa imekwisha kumkausha. Iwapo Serikali ilimleta mwanamke huyo kutoka Msambweni ikampeleka Gilgil kwa manufaa ya taifa, basi imrudishe Msambweni kwa heshima, pamoja na watoto na vyombo vyake, bila ya kumtembeza ofisi kwa ofisi.

Ni mambo gani, basi, yanayopasa kufanywa? Kwanza, barua ya uhamisho isiwe halali mpaka iambatane na hati ya malipo ya safari ya mtumishi na wategemezi wake. Pili, uhamisho usio wa dharura ufanywe wakati wa likizo ya shule, na mzazi mwenye mtoto katika darasa la mtihani apewe nafasi ya kungoja. Tatu, malipo yafuate umbali na idadi ya watu, wala yasifuate cheo. Nne, nauli ya kurudi kwa mstaafu na kwa mjane iwe haki iliyoandikwa. Tano, kila idara, jeshi likiwemo, itangaze katika makadirio ya mwaka fedha inazotenga kwa uhamisho, ili Bunge lione bei ya amri zake.

Nimeyaandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Mwalimu ana chama: KNUT tangu mwaka 1957, na KUPPET tangu 1998. Anaweza kusimama katika mkutano, akatoa hoja, na akasikika. Mwanajeshi wa Mtongwe, ambaye mwanawe anakaa kwenye dawati la mbele katika darasa la mwalimu huyo huyo, hawezi. Basi walimu wanapokwenda kujadiliana na mwajiri wao kuhusu uhamisho, wasijidai wao peke yao. Kifungu cha 119 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na hakikusema kwamba ombi sharti liwe la faida yake mwenyewe. Wanafunzi nao, hasa walioko katika vyuo vya ualimu, walifanye jambo hili kuwa mada ya mijadala yao, maana kabla ya miaka mingi kupita watapokea barua kama hizo.

Kila muhula, katika shule za Ukunda na Diani, majina hufutwa katika daftari la mahudhurio na mengine huandikwa. Mwalimu huandika neno moja tu: amehama. Neno hilo halisemi kama mtoto alisafirishwa na waliomhamisha mzazi wake, au mama yake aliuza cherehani ili apate nauli. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba cherehani hiyo haiuzwi.